Kikombe cha Msituni

Huku kwetu milimani mtu haendi msibani mikono mitupu. Hubeba sukari, mchele, mzigo wa kuni au majani ya chai, na hakuna anayeuliza nani kaleta nini. Kwa hiyo Ambakisye alipojitokeza Magamba siku chache baada ya kumzika Mzee Hoza, na pakiti ya chai mfukoni mwa koti, wanawake waliokuwa jikoni waliipokea wakairundika pamoja na nyingine. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nachambua mchele. Nilimtambua kwa mgongo kabla hajageuka. Nywele zimekwisha, bega moja limeshuka, lakini bado alisimama vilevile, uzito wote kwenye mguu mmoja, kama mtu anayengoja maji yachemke. Nikaweka ungo chini, nikaenda kwenye lile rundo, nikaichomoa pakiti yake na kuifunga kwenye pindo la kanga. "Bi Zuhura, hiyo ni ya msiba," akasema binti mmoja. Nikamwambia najua, nikarudi kwenye mchele wangu, na kwa muda mrefu sikuona hata chuya moja.

Nimefika umri ambao mtu anaruhusiwa kusema mambo bila kuzunguka. Niliolewa, nikazaa, nikamzika mume mwema ambaye sina neno baya juu yake. Na muda wote huo nilikuwa na swali ambalo sikuwahi kumuuliza yeyote: kwa nini Amba aliondoka? Amba ndivyo tulivyolifupisha jina lake, maana lile refu liliwashinda watu wa kwetu. Habari za ukoo wangu na utoto wangu naziacha, hazina jipya. Wazazi wangu walilima kabichi na karoti kama wazazi wa kila mtu. Nitaueleza mwaka mmoja tu, ule niliofundishwa kuonja chai katika kiwanda kilichokuwa juu ya Bungu. Siku hizi watu wa shamba la Irente huniita mara mojamoja niwaandalie meza ya chai wageni wao waliochoka kupanda milima, pembeni ya jibini na jamu. Mgeni mmoja aliniambia kuwa kwao huonja mvinyo namna hiyo hiyo: mlima mmoja, zabibu za aina moja, lakini mvinyo wa upande wa jua haufanani na wa upande wa kivuli, na watu hukaa kutwa wakibishana. Nikamwambia mvinyo sijauonja na sitauonja, lakini maneno yake nimeyaelewa yote. Akacheka, akadhani namtania.

Chumba cha kuonjea kilikuwa mwisho wa jengo la kiwanda, mbali na mashine, na kilikuwa na dirisha moja kubwa lililotazama mashamba. Chini ya dirisha palikuwa na meza ndefu ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe, na juu yake vikombe vyeupe vyenye vifuniko, kila kimoja na bakuli lake. Unapima majani kidogo kwenye mizani ndogo, unayatia kikombeni, unayamwagia maji yanayotokota, unafunika, unasubiri. Kisha unaimimina chai kwenye bakuli, na majani yaliyolowa unayageuzia juu ya kifuniko, yakae hapo yatazamwe rangi na kunuswa. Chumba kilikuwa na baridi. Maji yakichemka, kioo cha dirisha kinafunga ukungu kwa ndani wakati nje nako ni ukungu, na mtu unajiona umewekwa ndani ya maziwa. Nguo zetu hazikukauka sawasawa mwaka ule wote. Nikisikia harufu ya kitambaa kibichi hata leo, moyo wangu unaruka.

Mzee Hoza alikuwa ndiye muonjaji. Alikuwa mfupi, mtaratibu, anayevaa kofia yake ya kiua hata akiwa na koti jeupe la kazi, na alikuwa anaonja chai ya mlima ule tangu hajaota mvi. Wanafunzi wake tulikuwa wawili: mimi, na Amba, kijana Mnyakyusa aliyetoka Rungwe, ambaye wazazi wake pia walikuwa watu wa mashamba ya chai. Kazi yetu kila siku ilikuwa kulinganisha chai ya mashamba matatu. La juu kabisa, lililogusa msitu, liliitwa Msituni. La chini liliitwa Mtoni. Lile la upande wa magharibi, penye jua na mawe, liliitwa Mwambani. Mche ni ule ule, wachumaji ni wale wale, kiwanda ni kimoja, lakini chai zake zilikuwa kama ndugu watatu wasiofanana tabia. Ya Mtoni ilikuwa nyekundu na nzito, inaushika ulimi. Ya Mwambani ilikuwa kali, inakuamsha halafu inakuacha. Ya Msituni ilikuwa nyepesi kwa rangi, ukiitazama unaidharau, lakini ukishaitema ndipo inaanza kusema. Mzee alikuwa na maneno yake machache: chai imechangamka, au imelala, au inashika. Neno moja alilikataa kabisa. "Usiniambie nzuri," alikuwa anasema. "Nzuri ni neno la mgeni aliyekaribishwa. Niambie imekukumbusha nini."

Kilichonishinda mwanzoni hakikuwa ulimi, kilikuwa adabu. Chai ya kuonja hainywewi, huvutwa. Unachota kijiko, unakileta mdomoni, unaivuta kwa nguvu pamoja na hewa mpaka inatawanyika na kugonga kooni, kwa mlio unaosikika chumba kizima, halafu unaitema kwenye ndoo. Mimi nililelewa kwamba mtoto wa kike akinywa uji, aliyekaa jirani yake asijue. Na kutema mbele ya mtu mzima, tena mwanamume, tena mwenye kofia, hilo halikuwa katika mambo niliyoweza kuyafikiria. Siku ya kwanza nilichota kijiko nikanywa kimyakimya kama niko ukweni, nikameza. Kikombe cha pili nikameza, cha tatu nikameza, mpaka mwisho wa meza. Jioni mikono ilinitetemeka na moyo ukawa unakimbia peke yake. Nilikuwa naishi nyumbani kwa Mzee, katika nyumba za wafanyakazi, na mkewe Bi Mwanahawa aliponiona aliweka chini mwiko akacheka hadi akajifuta machozi. "Umeimeza yote?" akaniuliza. "Mwanangu, hata yeye mwenyewe hawezi kuimeza yote." Akanipa ndizi za kuchemsha, akanisimamia mpaka nikazimaliza.

Aliyenifundisha kuvuta ni Amba. Siku iliyofuata Mzee alitoka kwenda kuzungumza na watu wa mashine, tukabaki wawili. Amba akaniambia, "Mimi nageukia ukuta. Wewe vuta." Nikamwambia atasikia. "Nitasikia, lakini sitakuona," akasema, na kweli akageuka, akasimama ameutazama ukuta, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Nikavuta. Ukatoka mlio mdogo wa aibu. "Huyo ni panya," akasema bila kugeuka. Nikavuta tena. "Huyo paka." Tukaendelea hivyo, mpaka ukatoka mlio ulionishtua mimi mwenyewe, na chai ya Msituni ikanifunguka kooni kwa mara ya kwanza, na nikasahau kuona haya, nikatema kwenye ndoo kama mchukuzi wa stendi. Amba alikuwa bado ameutazama ukuta, mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Imekukumbusha nini?" akauliza. Nikamwambia imenikumbusha shuka iliyoanikwa juu ya majani ikanyeshewa, ikaanikwa tena. Akasema hajawahi kusikia mtu akisema jambo la kweli namna hiyo.

Nilimpenda tangu pale, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa mafumbo. Hakuna lililotokea ambalo mtu angeweza kulisimulia. Tulikuwa tunakaa kwenye ngazi za nyuma ya kiwanda wakati wa mapumziko, katikati yetu pamewekwa mahindi ya kuchoma, na tunaonja kila kitu. Tulionja maji ya chemchemi mbili za pale tukabishana. Tulionja plamu za miti mitatu ya njia ya Bungu, na yeye akasema ya mti wa kati imelala, na mimi nikamwambia wewe ndiye umelala. Jumapili alikuwa anakwenda kanisani, anarudi na shati lake jeupe, na mimi nakuwa na shughuli ya ghafla ya kuanika kitu upande ule wa njia. Alizungumza sana juu ya Rungwe, ndizi zake na mvua yake. "Na chai," alikuwa anasema. "Siku moja nitakuletea chai ya kwetu uionje, halafu uniambie imekukumbusha nini. Au nitakupeleka uionjee kule kule." Aliisema sentensi hiyo ya pili polepole, akitazama mahindi.

Nyumba za wafanyakazi zilitenganishwa vyumba kwa mbao nyembamba, na maneno hayakujua mipaka. Jioni moja nikiwa chumbani kwangu nakunja nguo nilimsikia Mzee anamwambia mkewe kwa Kishambaa kuwa yule binti ana ulimi, na ataweza kazi. Bi Mwanahawa akamjibu kwamba ulimi anao, na macho nayo anayo, na macho yanamtazama yule kijana wa Rungwe. Nilisikia Mzee anavuta kahawa yake, maana hata kahawa aliivuta. "Kijana ni mwema," akasema mwishowe. "Lakini ni wa kanisani. Nani kati yao ataacha dini ya kwao?" Mimi nilikaa na gauni nililokunja nusu, nikaona kwamba jambo nililodhani ni langu peke yangu lilikuwa tayari limeshaandaliwa sahani katika nyumba ile.

Ramadhani iliingia wakati wa baridi kali. Kabla ya siku ya kwanza, Amba, ambaye alikulia kati ya watu wa kanisa na hakujua mengi ya kwetu, alimuuliza Mzee kwa nini asionje na kutema tu, si anatema? Mzee akamweleza taratibu. "Mpishi akigusa mchuzi kwa ncha ya ulimi aone chumvi, hilo halina neno. Sisi hatugusi kwa ncha. Sisi tunaivuta mpaka kooni. Ukishaivuta hivyo, saumu yako imekwenda na maji." Amba akaitikia kwa kichwa, alikuwa mwanafunzi wa kushika maneno. Ikapangwa kwamba mwezi ule Mzee atatazama rangi na kunusa majani, mimi nitapima na kumimina, na atakayeweka chai mdomoni ni Amba peke yake. Jambo hilo lilimtia hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mzigo mmoja wa chai yetu ulikuwa umerudishwa na mnunuzi kwa kuwa na moshi, na meneja alikuja chumbani akasema waziwazi kuwa ukirudishwa mwingine, mwanafunzi aliyeupitisha atafunga virago. Virago vya Amba vilikuwa sanduku moja la bati. Nilikuwa nalijua hadi rangi ya kitasa chake.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Lori la kwenda Tanga lilikuwa limeshapakiwa, dereva anapiga honi, na meneja amesimama mlangoni anangoja neno la muonjaji. Vikombe vitatu vilikuwa mezani, Mtoni, Mwambani na Msituni. Amba alikuwa na mafua. Alikuwa nayo tangu juzi yake na alikuwa anayaficha, kwa sababu alijua kwamba Mzee amefunga na aliamini kwamba na mimi nimefunga, na kama yeye hawezi kuonja, basi hakuna. Akavuta cha kwanza, akavuta cha pili. Alipovuta cha Msituni nilimtazama usoni nikaona hajapata kitu, ni kama amevuta maji moto. "Imechangamka," akasema. Mimi ndimi niliyekuwa nimeyageuza majani ya kikombe kile juu ya kifuniko, na pua yangu ilikuwa imeshaniambia kuna moshi. Mzee naye aliyainamia, akakunja uso. "Naona kama nanusa moshi," akasema. Meneja hakutaka kusikia. "Mzee, kiwanda kizima kinanuka moshi wa kuni, hata koti langu linanuka. Nataka mdomo. Mdomo umesema imechangamka, au haukusema?" Amba akaweka kijiko mezani. "Umesema," akajibu.

Kila mwanamke wa Kiislamu anajua, na kila mwanamume anajua ila hujifanya hajui, kwamba ukiwa katika siku zako hufungi, utazilipa baadaye. Lakini msichana wa kwetu haonyeshi. Anaamka daku na wenzake, anakausha midomo kutwa, anaitikia futari kama mwenye njaa, na anachokula mchana anakila nyuma ya mlango wa jiko. Mimi nilikuwa katika siku hizo. Bi Mwanahawa alikuwa ameniachia magimbi ya kuchemsha chini ya sahani asubuhi ile ile. Kuionja chai ile hakukuwa dhambi hata kidogo; kulikuwa ni kusimama mbele ya mwalimu wangu, mbele ya meneja, mbele ya Amba, na kuwatangazia jambo ambalo hata na mama yangu mzazi tuliliongelea kwa macho. Nilimtazama Amba akinyoosha mkono kuchukua koti lake ili amfuate meneja nje akaupitishe mzigo. Nikachota kijiko kwenye bakuli la Msituni, nikaivuta. Niliivuta kwa mlio wote niliofundishwa, kisha kwa kiwewe sikutema, nikameza. "Ina moshi," nikasema. "Inakaa nyuma ya ulimi na haiondoki."

Mzee Hoza aligeuka akatazama dirishani, akasema, "Mvua hiyo inakuja," ingawa mvua ilikuwa imekuja tangu alfajiri. Meneja aliduwaa kidogo, kisha akatoka, na tukasikia anawaambia wapakuzi washushe mzigo wa Msituni. Baadaye waliufungua mtambo wa kukaushia wakakuta bomba limetoboka. Mzigo mbaya haukutoka, Amba hakufunga virago. Lakini pale mezani alikuwa amenitazama kwa uso ambao sijauona kwa mtu mwingine tena, kana kwamba nimejikata mbele yake. Nikafahamu kwamba amejua, na kwamba ananionea haya. Nikakusanya vikombe nikaenda kuviosha, na maji yalikuwa ya baridi na nikayashukuru. Jioni kwenye futari Mzee alinisogezea bakuli la uji bila kunitazama. "Leo ulimi umefanya kazi," akasema, na ndilo lililokuwa neno lake la kwanza na la mwisho juu ya habari ile. Bi Mwanahawa alinifinya paja chini ya meza, kwa mapenzi.

Baada ya siku ile mimi na Amba hatukukaa tena kwenye ngazi. Mimi sikuweza kumtazama, na niliona kwamba na yeye hawezi kunitazama. Tulifanya kazi pamoja, tunapeana vijiko kama watu wanaopeana moto. Mwezi ukaandama, Idi ikapita, na kabla baridi haijakatika akamuaga Mzee kwamba amepata nafasi kwao Rungwe. Asubuhi ya kuondoka alikuja hadi jikoni kwa Bi Mwanahawa, akampa shikamoo na kumshukuru kwa vyakula vyote. Mimi nilikuwa namenya viazi. Akasimama mlangoni na sanduku lake la bati, uzito wote kwenye mguu mmoja. "Ishike dini yako, Zuhura," akaniambia. Basi. Hakusema lingine, na mimi kwa hasira nikaendelea kumenya. Nilidhani amenipa jibu la swali ambalo sikumuuliza: kwamba kila mtu na kwao. Sentensi ile nimeivuta na kuitema miaka yote, na kila mara ilinikumbusha mlango wa jikoni na maganda ya viazi. Nikabaki kiwandani, nikawa muonjaji kweli kama Mzee alivyosema, mpaka nilipoolewa Lushoto. Chai ya Msituni ikija mezani nilikuwa naiacha ya mwisho.

Pale msibani Magamba, watu walipopungua mchana, nilichemsha maji. Nilitoa pakiti kwenye pindo la kanga nikaitia chai yake kwenye kikombe, nikafunika, nikasubiri kama tulivyofundishwa, nikamimina kwenye mabakuli mawili ya Bi Mwanahawa. Amba alikuwa amekaa barazani kwenye benchi. Tukasalimiana kizee, habari za nyumbani, za watoto, za magoti. Mke wake yuko, anaumwa presha, wana wajukuu. Aliniuliza juu ya mume wangu akanipa pole. Ndani, mlango ukiwa wazi, Bi Mwanahawa alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka wa eda, kwa jinsi alivyozeeka nilidhani hasikii. Amba akaivuta chai yake. Mlio ulikuwa ule ule, na kuku wakashtuka. Mimi nikavuta yangu. Tukacheka kidogo, msibani.

"Sikuja kwa ajili ya Mzee peke yake," akasema. "Nilitaka nikuombe radhi, Zuhura, kabla na mimi sijaitwa."

"Radhi ya nini?"

"Ya siku ile ya lori." Alishika bakuli kwa mikono miwili. "Uliivunja saumu yako kwa ajili yangu. Mbele ya Mzee, mbele ya meneja. Nimetembea na jambo hilo mpaka leo. Nilikuwa kijana, nikaogopa. Nikajiambia, huyu akiweza kuacha mfungo wake ili mimi nisipoteze kibarua, je, nikimwambia twende Rungwe ataacha nini? Ataacha kwao, ataacha dini, na Mzee Hoza amenilisha mwaka mzima. Ningemtazamaje? Nikaona bora niondoke kabla sijafungua mdomo."

Nikaweka bakuli chini. Kumbe uso ule haukuwa wa haya. Kumbe ile sentensi ya mlangoni haikuwa ya kunisukuma, ilikuwa ya kunishika. Na wakati bado natafuta pa kuanzia, sauti ikatoka ndani, kavu lakini safi.

"Hakuwa amefunga," akasema Bi Mwanahawa.

Amba akageuka. "Unasemaje, mama?"

"Nasema siku ile hakuwa amefunga. Alikuwa katika siku zake. Mwanamke akiwa hivyo hafungi. Magimbi nilimpa mimi kwa mkono wangu, akala nyuma ya mlango. Mzee alijua, na yule meneja naye alijua. Ni wewe tu, mwanangu, ndiye hukujua." Akajigeuza kwenye mkeka. "Ungeuliza ungeambiwa."

Amba alitazama uani, penye sufuria za msiba zilizoinamishwa zikauke, na nikaona anahesabu kitu ambacho hakihesabiki. Rangi ilimtoka usoni kama alivyokuwa siku ile ya mafua. "Basi niliondoka bure," akasema.

Ningeweza kuliacha hapo. Ni mzee, ana mke mgonjwa, kesho yake alikuwa na basi la kuwahi. Lakini mimi ndimi niliyekuwa na kijiko mkononi siku ile, si Bi Mwanahawa, na najua kilichokuwemo moyoni mwangu. Nilipochota kwenye bakuli la Msituni sikukumbuka kwamba ni halali kwangu. Sikukumbuka magimbi. Niliona koti lake na sanduku lake la bati, nikaivuta. Ile aibu ya kutangaza siku zangu ilikuja baada ya kumeza. Kabla yake sikuwa na aibu wala mfungo wala mwalimu. Na kama angeniambia twende Rungwe, ningemfuata na kanga niliyovaa. Alinisoma sawasawa kijana yule, kuliko nilivyojisoma mwenyewe, na kwa sababu alinisoma sawasawa ndiyo maana aliniacha.

"Hukuondoka bure, Amba," nikamwambia. "Ningekuwa nimefunga, ningeivuta vilevile."

Machozi yakamtoka, na chai ikamwagika kidogo gotini. Mtu mzima, na bakuli lake mkononi, kwenye baraza ambayo mtu yeyote angeweza kupita. "Mimi nageukia ukuta," nikamwambia. Nikageuka kwenye benchi, nikampa mgongo, nikautazama ukuta wa Mzee Hoza mpaka alipomaliza.